Kamba ya Mgomba Kiunoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Nyamache, muuguzi mkuu alinikabidhi mashine ya presha na daftari la wagonjwa. "Sista," akaniambia, "presha na sukari ni za wazee. Juu ya miaka arobaini, pima. Kijana akija, tafuta malaria, homa ya matumbo ama jeraha la panga." Nikaitikia. Nilikuwa na sare mpya na adabu nyingi, na adabu hiyo naijutia mpaka leo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha afya karibu na Nyakoe. Huko nilimpokea Onchari, mfanyabiashara wa ndizi, umri miaka thelathini na miwili, kitambi kimemtangulia mlangoni. Kwa Ekegusii mtu kama huyo ni omonene: ukubwa wa mwili na ukubwa wa cheo, neno ni hilo hilo. Kila alivyozidi kunenepa, ndivyo watu walivyozidi kumwamkia kwa heshima. Alikuja mara tatu akilalamika kwamba kifua kinambana akipanda kilima na kinamwachia akipumzika. Mara tatu niliandika "vidonda vya tumbo", maana huku kwetu kila maumivu yaliyo kati ya shingo na kitovu huitwa hivyo, nikampa ile dawa nyeupe ya kutuliza asidi. Mashine ya presha ilikuwa pale pale mezani. Mara ya nne hakuja. Alianguka akipakia ndizi, akafa.

Mazishini walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikusema hivyo, na sitasema. Mwandiko ule daftarini ulikuwa wangu.

Biashara ikarithiwa na mdogo wake, Mokua, kijana wa miaka ishirini na saba, na kitambi nacho kilikuwa njiani. Siku moja alikuja kufungwa kidole alichojikata. Nilipomaliza nikaichukua kamba ya mgomba aliyokuwa nayo begani.

"Hiyo kamba ni ya ndizi, Sista, si ya watu."

"Leo ni ya watu. Simama wima."

Nikaikata kwa urefu wake, utosini hadi kisiginoni, nikaikunja katikati ibaki nusu, nikamzungushia kiunoni. Ncha zikikutana, mtu yuko salama kiasi. Za Mokua zilikosana kwa shubiri nzima. Nikampima presha, ikawa juu. Sukari, juu. Kitambi, presha, sukari na mafuta mabaya ya damu ni ndugu wa nyumba moja. Wakikaa pamoja huziharibu ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, polepole, na mwenyewe bado kijana, hasikii lolote.

Keshoye afisa msimamizi wa kituo akafungua daftari, akaona safu mpya niliyoandikia vipimo vya Mokua.

"Nani amechora hii safu kwa penseli?"

"Mimi."

"Vipimo vya sukari ni vya wenye miaka arobaini kwenda juu. Futa."

"Afisa, kaburi la Onchari halikuuliza umri. Sifuti."

Akaniandikia barua ya onyo. Niliisoma, nikaikunja, nikaichora upya safu ile kwa wino.

Mokua nilimtuma Kisii mjini akapigwe picha ya mishipa ya shingo. Alirudi na karatasi, nikamsomea: kuta za mishipa zimeanza kuwa nene.

"Nene?" akauliza.

"Ndiyo. Umekuwa omonene mpaka ndani."

Hakucheka. Akaacha soda na chipsi, akauza pikipiki akawa anapanda vilima kwa miguu, na dawa akameza kila siku, hata siku alizojisikia mzima. Mwili ukapungua. Ndipo mama yake akanijia kwa hasira.

"Sista, umenikondeshea mtoto! Watu wanasema ako na ile ugonjwa. Hata wasichana wanamwogopa."

Nilimwelewa. Alikuwa amezika mmoja, sasa wa pili alikuwa anakonda mbele ya macho yake. Lakini sikurudi nyuma. "Wacha waseme wakimwona, Mama. Onchari hakuna anayemsema." Akalia, nami nikalia naye.

Sasa nimestaafu, nachuma majani chai yangu. Sikupewa cheti cha utumishi bora, na sikihitaji. Ninyi vijana mnaoingia wodini na sare mpya, heshimuni wakubwa wenu, lakini mkiona daftari linakataa kumwona mgonjwa, lichoreeni safu.

Juzi Mokua alipita kwangu na mke wake, kamba ya mgomba begani kama kawaida. Hajakaa vizuri akacheka.

"Sista, leo nimemaliza miaka arobaini. Sasa naruhusiwa kupimwa."