Mikorosho Haikuulizwa

Ukitaka kujua kama utakopeshwa ujenge vyumba vya kupangisha, watu wa Misugusugu hawakupeleki benki. Wanakupeleka barazani kwa Melkiori, karani mstaafu wa halmashauri, nawe unakwenda na soda. Hiyo ndiyo ada yake: soda moja ya baridi, ifunguliwe mbele yake.

Maswali ni yale yale, na majibu huyatoa kabla hujafika mwisho wa swali. Benki wanataka hati. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji watakurudishia kwa adabu. Kibali cha ujenzi kwanza, msingi baadaye, usije ukaamka ukuta umepigwa X nyekundu. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, kwa hiyo mwache mkeo na pasi yake. Na kampuni ikipanga fremu yako ikazuia asilimia kumi ya pango, hiyo imekwenda kwenye kodi, hujaibiwa. Bertha, mkewe, aliyasikia hayo miaka kumi na moja, akawa anaweza kuyajibu yote huku akichambua mchele. Yeye hakuna aliyemletea soda.

Melkiori mwenyewe alikuwa na eka mbili Masaki, ile ya Kisarawe, si ile ya mabalozi. Alizinunua kwa Bi Biubwa, mjane mwenye maneno machache. Mkataba aliuandika kwa mkono wake, kurasa nne, mipaka yote na majina ya majirani wote. Siku hiyo alimfafanulia bibi huyo hadi kodi ya anayeuza ardhi, na kwa kazi hiyo akanywa soda yake. Ndivyo alivyokuwa, hakuona aibu hata kidogo.

Mwaka huu alitaka kuziuza. Mafao yake yalikuwa yameishia kwenye lenta ya vyumba vinne vya kupangisha, havina paa, mvua inavinyeshea, na roho inamuuma kila akipita. Mnunuzi alipatikana, mfanyabiashara aitwaye Lusajo, wakaenda pamoja kuliona shamba.

Walimkuta Bi Biubwa ameinama chini ya mikorosho, anaokota, kapu limefika nusu. Melkiori alimpa shikamoo, kisha akamuuliza kwa upole wa karani anafanya nini kwenye shamba la watu.

"Shamba nilikuuzia, baba, na hela yako nilipokea," alisema bibi. "Mikorosho kapanda marehemu mume wangu. Hukuiuliza."

Melkiori alifungua mkataba. Alisoma kurasa zote nne, akazirudia. Mti hata mmoja haukuwamo. Mwenyekiti wa kijiji alipoitwa alishangaa kuona mtu mzima hajui: huku ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine, na mti ni wa aliyeupanda na watoto wake mpaka ununuliwe wenyewe. Lusajo alisema hanunui shamba lenye wenyewe wawili. Akampa Melkiori mpaka Jumatatu, la sivyo anakwenda kutafuta Maneromango.

Melkiori alikaa chini kwenye majani makavu. Vyumba vinne vilimjia machoni na aibu ikamjaa. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, yeye ndiye aliyeuliza.

"Sasa mama, nifanyeje?"

"Mimi siku ile nilikununulia soda," alisema Bi Biubwa.

Melkiori alitembea mpaka dukani na kurudi nayo, jasho likimtoka, akaifungua mbele yake. Bibi alikunywa bila haraka mpaka chupa ikalia.

"Ninunulie na miti, niweke dole gumba, yaishe. Siku ile ungeuliza tu, ningekuachia bure. Leo bei ya korosho naijua."

Yalikwisha Jumatatu hiyo hiyo, mikorosho ishirini na sita, kila mmoja na bei yake. Lusajo alilipa, bibi akatolewa chake humo, na fedha iliyobaki ikaezeka vyumba vitatu.

Cha nne bado kiko kwenye lenta, hapo hapo mbele ya baraza, na kila anayekuja na maswali yake huanza kwa kuuliza hicho kimekuwaje. Melkiori hukohoa, akatazama barabarani. Swali hilo hulijibu Bertha, tangu mwanzo mpaka mwisho, na soda siku hizi hupokea yeye.