Kila Jumamosi Mume Wangu Huniuliza, "Hii Inatumika?"

(Barua hii tumeiweka kama ilivyotufikia. Mwandishi tunamjua, lakini ameomba tusimtaje. Wasomaji, mjibuni.)

Salamu kwenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mghange kule milimani, nimeolewa hapa Voi na mfanyakazi wa reli. Tunaishi katika nyumba za reli, chumba kimoja na jiko la nje. Jina langu lificheni tafadhali, na la mume wangu vilevile, maana sikuja kumshtaki. Hanywi, hanipigi, harandirandi. Lakini kuna jambo limenifika.

Mume wangu alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, akapigana na Wajapani kule Bama, akarudi na nidhamu ya kambini. Mwanzoni nilifurahi, msinione mlalamishi. Vumbi la Voi mnalijua wenyewe, unafagia asubuhi, mchana limerudi. Mwanamume anayeshika ufagio bila kuombwa ni bahati, na majirani walinionea gere.

Kisha mtoto wetu wa kwanza akafariki kwa homa, hajaanza hata kutembea. Nilipopata mimba ya pili sikuweza kujizuia, nikamwambia mapema mno. Alifurahi yule bwana! Alikitoa kile kitanda kidogo alichokuwa amemuundia marehemu kwa mbao za makasha, akakipiga msasa upya, huku anapiga mluzi. Mimba ikatoka. Jumamosi iliyofuata nilimkuta uani na shoka, anakipasua kile kitanda kuwa kuni. Nikapikia kuni zile, ningefanyaje? Ugali wenyewe hakuugusa. Alisema hana njaa.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina sheria moja: kisichotumika kitoke. Kila Jumamosi akitoka kazini hukagua. Hupitisha kidole juu ya rafu, kisha hunyanyua kitu kimoja kimoja na kuniuliza, "Hii inatumika?" Nikisitasita tu, kimekwenda. Vimekwenda vikapu nilivyosukiwa na mama yangu, imekwenda taa ya zamani, vimekwenda vyungu vizima. Hata jina langu limekwenda. Zamani aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto wetu. Siku hizi ananiita "wewe".

Basi vitu vya mtoto nikavitafutia kazi. Beseni lake la kuogea nikaanza kuoshea mboga. Blanketi lake nikafunikia debe la maji. Kijiko chake kikawa cha kuchotea chumvi. Akiuliza tu, namjibu upesi, "Inatumika!" utadhani tuko gwarideni. Lakini jamani, kitu kikitumika kinachakaa. Beseni limetoboka. Blanketi limekuwa tambara. Nilitaka vibaki, na mimi mwenyewe ndiye ninayevimaliza.

Kimebaki kimoja, kofia ndogo ya sufu niliyoifuma kwa mikono yangu. Sasa kofia ya mtoto mchanga utaipa kazi gani? Niliificha ndani ya foronya ya mto wangu. Jumamosi iliyopita akakung'uta mito, ikadondoka sakafuni. Aliiokota, akaivika kwenye ngumi yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii inatumika?"

Nikanyoosha mkono niipokee.

"Nakuuliza wewe. Nani anayeitumia?"

"Niachie hiyo moja tu," nikamwambia. "Hata nafasi haichukui."

"Mwisho wa mwezi nisiione ndani ya nyumba hii." Akaiweka juu ya kitanda, akatoka nje.

Sasa sikieni kinachonitesa. Nina mimba tena, ni changa, na yeye hajui. Ningeweza kumjibu, "Itatumika," neno moja tu, na kofia ingebaki. Neno hilo silithubutu. Mama yangu alinikanya baada ya ile iliyotoka: mimba haitangazwi mpaka ijionyeshe yenyewe, na nguo za mtoto hazitajwi kabla hajazaliwa. Mara ile nilisema, na yaliyofuata nimewaeleza. Nikisema tena, nitausikia ule mluzi wake. Na ikitoka tena, nitamwona na shoka. Wallahi sitaweza, na mimi Mkristo naapa hivyo hivyo kwa kuchanganyikiwa.

Anayejua ni jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu kutoka Mombasa. Sikumwambia, alinigundua mwenyewe nilipoanza kukimbia harufu ya vitunguu. Akaniambia, "Mwanangu, nipe kofia hiyo nikuwekee sandukuni mwangu." Nikamjia juu. Kofia ya mwanangu ikafichwe kwa watu kama mali ya wizi? Hakukasirika. Akasema tu, "Basi mwambie mumeo. Kwani yeye hakuzika?" Nikaondoka bila kuaga. Neno hilo mpaka leo linanichoma, maana siku ile ya mazishi sikumtazama usoni hata mara moja.

Ndugu zangu, mwezi unakwisha. Nifungue mdomo, uje uniponze mara ya pili? Ninyamaze, kofia iende motoni? Au nimpelekee jirani na aibu yangu? Nishaurini upesi, nimeshindwa peke yangu.

Nawaambia na jambo la mwisho. Gazeti hili mume wangu hulinunua yeye, hulisoma lote, kisha hulipeleka jikoni kuwashia moto. Huenda akafika kwenye ukurasa huu kabla yangu.

Baba fulani, kama ni wewe unayesoma, jua kwamba sijatamka, nimeandika tu. Nawe usitamke chochote, wala usipige mluzi. Kofia nimeiweka rafuni; irudishe ndani ya foronya yangu. Nitakapolala nitaigusa, nami nitajua.