Sensa ya Maji

Sisi wa juu ya Tengeru tukicheka tunaziba mdomo. Wageni hudhani ni adabu, kwamba tumelelewa vizuri. Ukweli ni meno. Yangu yana rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, na nilipokuwa nasoma bweni mbali na nyumbani nilijifunza kucheka kwa pua. Mama hakupenda kabisa tabia hiyo. Kila nikinyanyua mkono alinigusa kiwiko na kusema, "Toa mkono. Hayo ndiyo meno ya kwetu."

Tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza. Swali langu kubwa lilikuwa hili: ng'ambo ya korongo letu palikuwa na nyumba ambayo watoto wake walikuwa na meno meupe kama maziwa, wakati sisi wa huku wote tulikuwa kahawia. Tulikula ndizi zilezile, tulisali kanisa lilelile, na mswaki hawakutuzidi. Nilimuuliza mama. Akajibu kwamba ndivyo ukoo wao ulivyo, na niende nikakate majani ya ng'ombe. Nilikwenda kukata majani, lakini jibu halikunishibisha.

Miaka ilipita ndipo nikafahamu habari ya floraidi, madini ambayo maji huyachukua yanapopita kwenye miamba ya Mlima Meru. Yakizidi, huharibu meno ya mtoto kabla hayajaota. Meno ya ukubwani huundwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo sana, na yakishatoka kahawia hakuna dawa ya mswaki ya kuyarudisha. Kinachoudhi ni kwamba floraidi haionekani na hainuki. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa nayo tele.

Ndiyo maana nilipopata kazi kwenye ofisi ndogo pale Kijenge mjini, ya kuwafundisha wanavijiji kupima maji yao wenyewe kwa vifaa vya kidijitali, nilifurahi kuliko mshahara ulivyostahili. Tulikuwa wawili: mimi, na fundi wa vifaa ambaye ni mtu wa Tanga. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kupanga mafunzo ya wiki moja huko kwetu mlimani, kwenye ukumbi wa usharika. Tulipanga kila kitu: nani afundishe nini, umeme ukikatika tufanyeje, loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, apike nani. Kilichotushinda ni neno moja. Hatukujua kifaa chenyewe tukiiteje.

"Neno lipo, dada," alisema fundi. "Kihisi. Kizuri, kifupi, Kiswahili safi."

"Huko kwetu kuhisi ni kumshuku mtu. Nikisema naleta vihisi wataniuliza nani kaiba."

"Ninyi watu wa bara Kiswahili mnakiazima tu."

"Tunaazima, lakini tunarudisha kikiwa kizima."

Nikaamua tutumie sensa. Mafundi wote mjini husema sensa: sensa ya gari, sensa ya mlango wa benki. Fundi aliguna, akaacha. Nikaandika tangazo kwa mkono wangu, nikalituma usharikani lisomwe Jumapili: kutakuwa na mafunzo ya sensa ya maji, kila kaya itoe mtu mmoja. Nililisoma tena kabla ya kulituma na nikaliona halina kasoro.

Katika mipango yote hiyo, mimi nilikuwa na haja yangu ya siri. Mdogo wangu alikuwa amerudi kuishi na mama, na binti yake alikuwa ndio kwanza ameachishwa ziwa. Uji wake, chai yake, kila tone alilokunywa lilitoka kwenye chemchemi yetu iliyo chini ya mti wa mringaringa. Kila siku iliyopita meno yake ya ukubwani yalikuwa yakijengwa huko ndani bila mtu kuyaona, na mimi nilikuwa Kijenge napanga loshoro. Niliogopa. Nilikwenda nyumbani na kumwomba mama aniruhusu niipime chemchemi.

"Maji hayo yamemlea babu yako," alisema. "Leo umetoka mjini unataka kuyapima homa?"

"Mama, ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ana nini? Anaumwa?"

Nikarudi Kijenge bila kipimo. Ningeweza kuiba chupa moja, chemchemi haina mlango. Lakini anayepika uji ni mama, na kipimo cha wizi kisingebadilisha sufuria yake. Tena nilielewa, ingawa sikupenda kuelewa: kuyapima maji yale ilikuwa kumpima yeye. Alitulea kwa maji hayo, akayasifia, na wageni hakuwapa maji mengine ila hayo.

Jumamosi ya kuanza mafunzo tulifika asubuhi na gari limejaa viti vya plastiki. Tulitegemea wanakamati wa maji na wengine wachache. Tulipokata kona ya kanisa, fundi alipunguza mwendo.

"Kuna msiba?" akauliza.

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Kila mtu alikuwa na maji. Kulikuwa na madumu ya njano, chupa za soda, vibuyu, birika moja, na bibi mmoja aliyebeba ndoo nzima iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Walikuwa wamejipanga foleni iliyonyooka na kutulia, jambo ambalo kwetu huonekana kwenye meza ya Bwana tu.

Nikamfuata mzee wa kanisa aliyesoma tangazo, nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni.

"Si mlisema sensa?" alijibu. "Sensa ya maji, kila kaya. Nikaona mmesahau kuandika kwamba waje nayo. Mtahesabuje kitu kisichokuwepo? Nikaongeza hapo."

Nikasimama pale na lugha yangu iliyoazimwa. Bila shaka. Watu wale walikuwa wamehesabiwa miaka si mingi nyuma. Karani alipita na kishikwambi chake, akauliza mpaka choo cha nyumba ni cha namna gani. Kwao sensa ni hiyo, nyingine hawaijui. Waliona serikali imemaliza kuhesabu watu, sasa imefika kwenye maji, na kaya ambayo maji yake hayatahesabiwa itarukwa bomba likija. Fundi alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari.

"Kihisi," alisema. "Nilisema kihisi."

Halafu nikamwona mama. Alikuwa katikati ya foleni, amevaa kitenge chake cha kanisani, dumu dogo miguuni. Nyuma yake alisimama mdogo wangu na mtoto mgongoni. Nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hukusema kwamba karani ni wewe?"

"Mama, hii siyo…"

"Nimeleta yetu yahesabiwe," alisema. "Isije ikasemwa nyumba ya baba yako haina maji."

Ningeweza kumweleza pale pale kwamba amekosea, kwamba nimekosea mimi. Nilirudi kwa fundi badala yake. Yeye alikuwa ameanza kutafuta waya wa kuunganisha picha zake za kufundishia, zile zenye mchoro wa tone la maji linalotabasamu, na alitaka tuwaombe radhi watu waende nyumbani, tubaki na wanakamati.

"Hapana," nilimwambia. "Tuyahesabu."

"Yote haya?"

"Umewahi kuona maji ya mlima mzima yamekuja yenyewe kwa miguu?"

Akaitazama foleni. Udadisi nao huambukiza, na yeye ni fundi. "Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge," akasema, akaufungua mkoba wa vifaa.

Tukatoa meza nje. Tone la kutabasamu halikuwahi kuonekana siku ile wala mafunzo yoyote yaliyofuata, maana siku hizi tangazo letu, hata kwa wafugaji wa upande wa magharibi, husema tu: njooni na maji yenu. Nilieleza kwa kifupi kwamba hii fimbo nyembamba ndiyo sensa yenyewe, kwamba haihesabu kaya bali inaonja maji kwa ajili ya floraidi, na kwamba kila mtu atapima ya kwake kwa mkono wake. Hakuna aliyeondoka. Bibi mmoja alitaka tu kujua kama ikionja inameza.

Mafunzo yakaenda hivyo: mmoja anapima, anayefuata anatazama na kusoma, kisha wanabadilishana. Suuza fimbo, tumbukiza kwenye kikombe, subiri namba itulie. Ikivuka kiwango cha taifa, chombo chako kinapata kibandiko chekundu, isipovuka, cha kijani. Nilikuwa natazama rangi zikitokea moja baada ya nyingine na nilisisimka kama mtoto, kwa sababu hazikufuata mpangilio wowote niliouwazia. Maji ya bibi mwenye jani la mgomba, maangavu na matamu, yalipata chekundu. Jirani yake wa hatua chache alipata kijani. Mlima ulikuwa ukinijibu swali langu la utotoni, ila ulijibu vipande vipande.

Mama alipofika mezani hakukubali kusaidiwa. Alisuuza fimbo kwa uangalifu aliosuuzia vikombe vya wageni maisha yake yote. Namba ikapanda, ikapanda, ikatulia mbali juu ya kiwango.

"Hii haikosei?" akauliza.

"Rudia, mama."

Akarudia. Namba ilikuwa ileile. Nikampa kibandiko chekundu na yeye mwenyewe akakibandika kwenye dumu, akakipapasa kishike. Hakuondoka. Alisogea pembeni ya meza akasubiri, na nikajua anamsubiri nani. Mama wa ng'ambo ya korongo alifika na chupa ya maji yenye rangi ya vumbi, maji ya mfereji unaoshuka kutoka msituni, ambayo sisi tuliyaita maji ya ng'ombe. Akapima. Kijani.

"Lakini yachemsheni," fundi alisema haraka. "Vijidudu havihesabiwi hapa."

Mama aliitazama ile chupa. Kisha akawatazama wale watoto wa ng'ambo, siku hizi watu wazima wenye watoto wao, wakicheka midomo wazi kuhusu birika la mtu fulani. Akainua mkono, akaziba mdomo wake. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Nililala nyumbani. Jumapili mchana, baada ya ibada, nilimkosa jikoni, nikashuka kumtafuta. Nilimkuta akipanda kutoka korongoni, dumu kichwani, mkono mmoja ukishika migomba ili asiteleze. Lile dumu lilikuwa bado na kibandiko chekundu.

"Ya mtoto," alisema kabla sijauliza. "Nitayachemsha. Sisi tutakunywa yetu, yetu yameshamaliza kazi."

"Ungenituma mimi, mama."

"Wewe karani. Nani anamtuma karani maji?"

Nikacheka, na mkono ukapanda wenyewe kama kawaida. Akatua dumu chini. Akaushika mkono wangu, akaushusha.

"Toa mkono nikuone."

Nilingoja aseme yale ya meno ya kwetu. Hakusema. Alinitazama kinywani muda mrefu, kama mtu anayesoma namba asiyoiamini, na macho yake yakajaa.

"Nilikuwa na mimba yako nilipoanza kuuruka mfereji huu kila siku," alisema. "Niliona maji yake machafu. Nikapanda mpaka chemchemi, nikakuchagulia yaliyo safi."

"Najua, mama," nikamwambia, nikajitwika dumu.