Siku Niliyoitoa Karatu

Harufu ya rangi ya mafuta ikiwa mbichi hunikausha mate hadi leo. Wenzangu wakiinusa hufikiria nyumba mpya, au Krismasi, au chumba cha bwana harusi. Mimi huuona ukuta wa mbele wa hoteli ya mama yangu pale Karatu, asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati, na katikati ya ukuta alama ya X, nyekundu, kubwa kuliko mimi, rangi yake ikitiririka polepole kuelekea benchi walilozoea kukalia madereva. Neno hoteli lisikudanganye. Ilikuwa na mabenchi manne, jiko la kuni, sufuria ya supu ya mbuzi isiyoshuka motoni, na chapati ambazo mama alizipanga ndani ya ndoo na kuzifunika kwa kitambaa. Nyuma ya jiko palikuwa na vyumba viwili, na humo ndimo tulimolala. Baba alikuwa dereva wa watalii, akishinda porini, nasi tulimwona kwa nadra kama mvua ya bonde kavu la Olbalbal. Bibi yangu wa Kilimanjaro, kila tulipomtembelea, alitukumbusha kwamba mkataa kwao ni mtumwa, akimaanisha turudi Moshi. Lakini mimi nililetwa Karatu nikiwa mgongoni. Kwetu kwingine sikukujua.

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, habari ya mji mzima ilikuwa lami. Barabara ya vumbi jekundu iliyopanda kutoka Mto wa Mbu hadi lango la Ngorongoro ilikuwa iwekwe lami, na kila mtu alikuwa na habari zake. Wengine walisema itapita juu ya mji, wengine chini, wengine wakaapa kwamba itakuwa pana kiasi cha malori manne kupishana. Watu wenye darubini ya miguu mitatu walikuja, wakachungulia, wakaandika, wakaondoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama alizisikia habari hizo akiwa anasukuma chapati, na chapati zake za siku zile zilitoka nyembamba mno, na madereva wakaanza kulalamika.

Katika likizo ya mwezi wa sita akaja mjomba Elia, mdogo wake mama, aliyekuwa akisomea Arusha kazi ya kuongoza watalii. Alikuja na kofia yenye ukingo mpana na maneno mengi kuliko nguo. Kilichomkera ni kwamba wageni walipita Karatu wamelala. Akili zao zilikuwa kwa simba, na sisi kwao tulikuwa mahali pa kujisaidia na kununua soda. Mji wowote una historia, alisema mjomba, hata huu ambao mbwa wake hulala katikati ya barabara kuu. Basi akatutungia mchezo, mimi, Manka, na Rukia. Rukia alikuwa binti wa duka la vitambaa lililotazamana na hoteli yetu, tulikaa dawati moja shuleni, na chochote alichocheza alicheza ili ashinde. Kila asubuhi mjomba alitega kitendawili kimoja, na jibu lake lilikuwa mahali fulani mjini. Hapo mahali alikuwa ameficha kizibo cha soda. Hapakuwa na kiongozi, na kuuliza watu wazima kulikatazwa. Kila mtu alishika njia yake kwa akili yake, mpaka mmoja akipate kizibo. Aliyeshindwa alitoa mji, kama ilivyo desturi ya vitendawili tangu zamani. Ila mjomba, kwa kupenda kutesa watoto, akaongeza sharti lake: huwezi kutoa mji ambao hujawahi kuukanyaga.

Sikatai kwamba tulijifunza. Natafuna mchana kutwa wala sishibi: hiyo ilitupeleka kwenye mashine ya kusaga, tukatoka weupe hadi kope. Mara mbili kwa mwezi mimi ni mji, siku zilizobaki ni malisho ya mbuzi: huo ulikuwa uwanja wa mnada, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi mahali penye kelele nyingi panavyoweza kunyamaza. Nawaita wenzangu waingie, mwenyewe nabaki nje: kengele ya kanisa letu, na aibu yangu ni kwamba Rukia, anayekwenda madrasa, aliifikia kabla yangu. Alikuwa na mbio na alikuwa na bahati. Nikatoa Mto wa Mbu, na haikuniuma, kwani kule tulikuwa tumekula ndizi tu tukaondoka. Nikatoa Arusha. Nikatoa Moshi, nikajihisi kama nimemuuza bibi. Na kila alipopewa mji, Rukia alipanda ngazi ya duka lao na kueleza, kama desturi inavyotaka, jinsi alivyofika huko, alivyochinjiwa, na jinsi ndugu zangu walivyogombania makombo yake.

Kisha kikaja kile kitendawili. Huja kwangu wakali, huondoka wapole, na mimi sijawahi kuondoka. Nilikimbilia mahakama ya mwanzo, nikatafuta kizibo chini ya miti wanapongojea wenye kesi. Nikaenda hospitali. Nikaenda hadi stendi, kwa makondakta. Rukia yeye alivuka barabara tu, akaingia hotelini kwetu palipokuwa pamejaa madereva wenye njaa, akapapasa chini ya benchi na kutoka na kizibo. Kinyozi hajinyoi. Mahali ambapo nilifuta meza kila siku, mimi ndiye niliyeshindwa kupaona.

Nilikuwa nimebakiwa na mji mmoja. Ningeweza kusema nimeishiwa, lakini nilikuwa na miaka kumi, na kuchekwa kulinitisha kuliko jambo lolote ambalo halijatokea bado. Nikasema nampa Karatu. Hata Rukia alisita kidogo. Halafu akapanda ngazi yake na kusema kwa sauti ya hotuba: "Nimekwenda Karatu, nimepokewa na mji mzima. Nikaona barabara yao nyembamba, nikaipanua. Vibanda vyote nimevifagia. Manka nimemkuta anauza chapati chini ya mti, nikamwonea huruma, nikanunua moja." Mjomba Elia alicheka hadi akaivua kofia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na hakucheka.

Kesho yake asubuhi wakaja watu wa barabara wakiwa na kopo la rangi na brashi. Aliyeshika brashi alikaa kwanza kwenye benchi letu, akanywa chai ya maziwa, akala chapati mbili akazisifia, akaaga vizuri, ndipo akainuka na kuupaka ukuta. Mama akamuuliza kitakachobomolewa ni ukuta peke yake au nyumba nzima. Akajibu kwa upole kwamba tutaambiwa. Wakaendelea na upande wetu wa barabara, nyumba hii wakapaka, ile wakaruka. Upande wa kina Rukia hawakugusa.

Mama akatundika khanga juu ya ile alama ili wateja wasipoteze hamu ya kula. Lakini khanga ikitundikwa ukutani bila sababu kila mtu huuliza sababu, na baada ya siku chache hapakuwa na dereva asiyejua kilichokuwa nyuma yake. Kuanzia hapo sikupata raha. Lori likinguruma kwenye mlima wa Rhotia, mimi nilisikia greda. Mtu akisimama kutazama nyumba yetu, nilimtazama mikono kama ameshika kamba ya kupimia. Chakula nilikiacha sahanini, na mama alidhani nina malaria. Mambo yalikuwa wazi kabisa kichwani mwangu, yakifuatana bila pengo: nimeutoa mji mbele ya mashahidi, mmiliki mpya wa mji ametangaza atakachofanya, na sasa kinafanyika. Nilipomweleza mjomba Elia, alianza kucheka, kisha akaacha. Akasema mchezo ni mchezo. Hata hivyo siku hiyo hiyo aliufunga, na nikagundua kwamba yeye pia alikuwa akipita mbele ya ile khanga bila kuitazama.

Nikaenda kwa Rukia kumwomba mji wangu. Nilimkuta akikunja vitenge pamoja na baba yake, tukatoka nje, nikamwambia kila kitu. Hakunicheka. Uso wake ukawa mzito kama wa hakimu.

"Mji hauombwi, Manka," akasema. "Nitegee. Nikishindwa, uchukue."

Sikumkasirikia. Nikisema kweli, nilifarijika, kwa sababu kitu cha kupewa bure kinaweza kudaiwa tena kesho, bali ulichokishinda ni chako. Shida ilikuwa kupata mahali ambapo Rukia hakupajua. Nilianza kuuzunguka mji peke yangu, safari hii bila mjomba wala kizibo. Nilitazama kuta za maduka ya zamani ambazo chokaa yake ilikuwa imebanduka na kuacha mawe. Nilitazama nyuma ya msikiti, nyuma ya soko, nyuma ya mashine. Kila nilichokiona nilijisemea kwamba hiki Rukia anakijua, hiki pia anakijua. Wasiwasi una kazi yake: katika siku zile nilikiona kila kitu cha Karatu, hadi bawaba za milango, kama mtu anayeaga.

Ndipo nikateremka chini kupita uwanja wa mnada, nikatokea kwenye shamba la maharage. Katikati ya shamba ilisimama mikaratusi mikubwa kwa safu mbili zilizonyooka, na kati ya safu hizo hapakuwa na kitu ila maharage. Mama Tluway, yule mama wa Kiiraqw aliyetuletea maziwa hotelini, alikuwa akivuna. Nilikumbuka kwamba kuuliza kulikatazwa, kisha nikakumbuka kwamba mchezo umefungwa, nikamuuliza nani alipanda miti kwa namna ile.

"Hiyo barabara," akasema bila kuinuka. "Mimi nikiwa binti, magari ya kwenda Oldeani kubeba kahawa yalipita hapa. Halafu wakaihamisha."

Nikauliza kwa nini. Akasema hawakuambiwa, waliamka tu wakakuta imehamishwa. Nilisimama pale nikiwa na tumaini ambalo sikuwa nimelipata tangu ukuta wetu upakwe rangi. Kumbe barabara huhama. Iliyohama mara moja itashindwaje kuhama tena, ikatuacha?

Asubuhi iliyofuata nikamtega Rukia. Wamejipanga foleni mbili, wanangoja magari yasiyokuja. Alikwenda kituo cha mafuta, akaenda stendi, akaenda hadi njia panda ya hospitali na kurudi. Kila nilipomwona akipita mbio moyo wangu ulipanda, na alipopotea machoni ulizidi, maana ningejuaje hakuelekea mnadani? Jua lilipoanza kupungua alikuja kwangu, miguu ikiwa imekuwa myekundu hadi magotini, akasema nimemshinda. Nikampeleka shambani. Akasimama katikati ya miti akaitazama huku na huku, kama mwenye kutarajia gari.

"Chukua Karatu yako," akasema.

Desturi ilinitaka nijisifu, nichinjiwe, nimwachie makombo. Niliweza kusema sentensi moja tu: "Nimekwenda Karatu, nimekuta kila kitu mahali pake." Kisha nikatimua mbio kuelekea nyumbani, naye nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama juu ya meza ya hoteli, nyundo mkononi, aking'oa misumari ya paa. Mjomba Elia alikuwa chini akipokea mabati. Mchana huo walikuwa wameambiwa: ni nyumba nzima, mashine inakuja, na anayetaka vifaa vyake avitoe mwenyewe mapema. Nikapiga kelele kwamba asibomoe, mji nimeurudisha. Ilinibidi nieleze yote, Rukia na vitendawili na mikaratusi na barabara inayohama, huku nikihema na kulia. Mama alinisikiliza hadi mwisho, nyundo ikiwa imetulia.

"Haya," akasema. "Kama mji ni wako, njoo ushike bati hili, lisije likamwangukia mjomba wako."

Nikashika. Upande wa pili akashika Rukia, bila kuambiwa. Mabati yalikuwa na joto la jua upande mmoja, na upande mwingine masizi ya miaka yote ile ya supu na chapati, na masizi yale yalitupaka mikono na nguo. Tuliyateremsha yote, hata yale yaliyotoboka.

Mama alifungua tena hoteli katika kichochoro cha nyuma, kwa mabati yale yale. Chapati zilikuwa zile zile, ila wateja hawakuwa wale, kwa sababu gari likishika lami halina sababu ya kupinda kona kutafuta chai. Mahali tulipokuwa tukilala ni mtaro wa maji ya mvua. Karatu sasa ni mji mkubwa, una benki na hoteli ambazo kwa kweli ni hoteli, na watalii bado wanapita wamelala, tena usingizi mzito zaidi, kwa kuwa barabara haiwatikisi. Rukia ndiye mwenye duka la baba yake siku hizi. Mjomba Elia anaongoza watalii, na husema mchezo ule ndio kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Sijawahi kumbishia.

Mimi nilisoma, nikazunguka, nikarudi kujenga. Viwanja vya barabarani vinagombewa kama mpira wa kona, na mume wangu alitaka tupate kimojawapo. Nilikataa. Nyumba yetu iko juu ya kilima, gari huishia chini, na wageni hupanda kwa miguu wakihema na kunilaumu. Kabla msingi haujachimbwa nilisimama pale nikatazama pande zote, nikijiuliza: barabara ikitaka kuja huku, itapitia wapi? Fundi akaniambia nisiwe na wasiwasi, hapa hapafiki barabara hata wajukuu wetu wakizeeka. Nilimwamini. Nilimwambia aanze kazi, na kuta akazijenga imara kama nilivyotaka. Ila alipofika kwenye paa, nilimwomba mabati asiyapigilie misumari mingi.