Kiti cha Bure cha Rubani

Mimi ni rubani kamili, jamani. Diploma niliisomea Afrika Kusini kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Naishi Tororo na kazi iko Nairobi, kwa hiyo navuka mpaka Busia hadi Kisumu, kisha napanda ndege ya kampuni yetu bure ikiwa kuna kiti kitupu. Nikikosa zamu, kazi iko hatarini.

Juzi ndegeni nilikaa na mama mmoja muuza samaki wa Busia ya Uganda, ambaye hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa anasali kwa sauti. Nikamwonyesha mistari ya dhahabu mabegani.

"Mama, tulia. Ndege hii bila mimi haiendi popote."

"Asante Yesu!" Akanishika mkono kwa nguvu.

Mhudumu akaja. "Kapteni, samahani, mwenye kiti amefika. Itabidi ushuke."

Mama akaruka. "Dereva anakwenda wapi? Basi na mimi nashuka!"

Abiria wa nyuma yetu wakaanza kufungua mikanda. Mlango wa chumba cha rubani ukafunguka, akatokeza rubani wa ndege ile, binti niliyesoma naye.

"Kaka," akauliza mbele ya wote, "umewaambia nini abiria wangu?"