Mgonjwa wa Viungo Msimu wa Tetekuwanga

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya wilaya pale Mpanda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Matroni hakunionyesha wodi. Alinipeleka kwenye sinki, akafungua bomba, akasimama kuniangalia ninavyonawa. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. "Magonjwa mengi yanayotembea humu ndani," akasema, "yanatembea kwa mikono yetu wauguzi. Sasa twende wodini."

Wakati huo Katavi haikuwa mkoa, tulikuwa wilaya ndani ya Rukwa. Dawa nyingi zilikuja kwa treni kutoka Tabora, na mvua ikiharibu reli tulikaa na zilizopo. Niliyofundishwa pale wodini mengi nimeyasahau, kwa sababu siku hizi hayatumiki. Ninalotaka kuwaeleza nyie mnaoanza kazi lilitokea baadaye, nilipohamishiwa kituo cha afya upande wa Sibwesa.

Mkubwa wangu kule alikuwa Mganga wa Kituo, Mfipa mmoja mpole, mzito wa kusema. Kati ya wagonjwa wetu wa kudumu alikuwepo Spesioza, mkulima, katika zile familia zilizotoka Burundi miaka ya sabini. Alikuwa na baridi yabisi. Siyo maumivu ya uzee au ya kulima sana, hapana. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa, hata kufunga kitenge alisaidiwa na mumewe, Melkiori. Daktari wa hospitali ya wilaya alimwanzishia prednisoloni, vidonge vinavyotuliza kinga hiyo. Spesioza akashika jembe tena.

Dawa hiyo ina upande wa pili. Kinga ikitulizwa ili isiumize viungo, inalegea pia mbele ya virusi. Ugonjwa ambao mtoto anaucheka, kwa mtu wa namna hii unaweza kuingia mapafuni na kumuua. Tulikuwa tumemwambia Spesioza, lakini kuambiwa ni kitu kimoja, kuyashika ni kingine.

Mwaka huo tetekuwanga iliingia vijijini. Siku moja ya kliniki Spesioza akaniambia mjukuu wake anayeishi naye ametoka malengelenge mwili mzima.

"Wewe uliwahi kuugua?" nikamuuliza.

"Hapana, Sista. Wadogo zangu waliugua wote, mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi."

Nikamwita Mganga. Akamuuliza kama amembeba mtoto. Spesioza akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Analala na mimi," akasema.

Mganga alimweleza kwamba mtoto huanza kuambukiza hata kabla vipele havijatoka, kwa hiyo huenda tayari ameshaupata. Hata hivyo akamshauri ahame nyumba mpaka malengelenge ya mtoto yakauke yote, asizidi kujipakia ugonjwa. Na homa ikianza tu, aje. Jirani yake, Mama Kashinje, Msukuma mwenye ng'ombe, alikubali kumpokea, maana kwake wote walishaugua zamani.

Jioni ile mama yake Melkiori alikuja kituoni kwa miguu. Alikuwa bibi mwembamba, mkali.

"Nyie ndio mmemfundisha mkwe wangu kukimbia mjukuu?" akauliza. "Mtoto anamlilia, yeye amekaa kwa watu anakunywa maziwa. Bibi gani huyo?"

"Mama, hajakimbia," Mganga akasema. "Dawa ya vidole vyake imepunguza nguvu ya mwili kujilinda."

"Basi ni dawa mbaya. Aiache."

Mganga alimjibu taratibu kwamba dawa ile haiachwi ghafla, kwa sababu mwili ukishaizoea unasahau kutengeneza ya kwake. Bibi akaondoka bila kuaga. Kijijini nako maneno yalishaanza, kwamba mtu anayetengwa hivyo lazima ana ule ugonjwa. Miaka ile kila aliyekonda au kutengwa alihesabiwa kuwa na UKIMWI.

Wiki iliyofuata maneno yalimfika Spesioza. Aliona vidonge ndivyo vimemletea aibu, akaacha kuvimeza. Hakumwambia mtu. Siku chache baadaye Melkiori alimleta juu ya baiskeli, amemfunga kwa kanga kiunoni asianguke. Alikuwa anatapika, presha iko chini, anajibu kwa shida. Viungo vyote vimevimba tena. Mganga aliuliza jambo moja tu: "Vidonge unameza?" Spesioza akatikisa kichwa kukataa. Tukamtundikia dripu, tukampa kwa sindano dawa ya jamii ileile aliyoiacha. Kesho yake alikaa kitandani akaomba uji. Kwapani nikaona lengelenge la kwanza.

Gari la wilaya lilimchukua hadi Mpanda, nami nikamsindikiza, nikabaki huko kusaidia. Mganga Mkuu wa Wilaya alimpima kifua, akaagiza chumba cha peke yake na prednisoloni iendelee. "Tukiikata sasa tunampoteza kwa upande mwingine," akatuambia. Dawa ya kupunguza nguvu ya virusi hatukuwa nayo. Akaagiza itafutwe Tabora.

Akakataza pia mtu yeyote ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga asiingie chumba kile, awe muuguzi au ndugu. Hapo tukakwama. Melkiori hakuwahi. Binti yao alikuwa mjamzito, naye hakuwahi. Wauguzi waliowahi tulikuwa wachache, na wodi zimejaa. Spesioza alikuwa na malengelenge hadi kooni, anapumua kwa haraka, na vidole haviwezi hata kushika kikombe.

Siku ya pili nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni na kifurushi chake. Alikuwa amepanda lori la mahindi.

"Mimi niliugua nikiwa msichana," akasema, akanyoosha shingo kunionyesha kovu. "Naingia."

"Mama, kazi ya humo ni nzito."

"Nimezaa tisa. Nionyeshe pa kunawa."

Alikaa humo muda wote. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akamgeuza, akamfuta. Hakumwomba radhi, walau mimi sikusikia. Siku kifua kilipobana kuliko zote, nilimkuta amemwegemeza Spesioza kifuani pake ili apumue akiwa amekaa, na Spesioza anamwita "mabukwe", yaani mama mkwe, kwa Kirundi, anarudia neno hilohilo. Bibi anaitikia kila mara.

Alipona. Dawa ya Tabora ilifika na treni wakati malengelenge yameshakauka. Spesioza alibaki na makovu usoni, na vidole viwili havikunyooka tena. Aliendelea na vidonge vyake. Kuanzia hapo, mgeni aliyefika kwao alisimamishwa uani kwanza na yule bibi: "Huko kwenu nani anaumwa?" Watu walimwona hana adabu. Hakujali.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikahama vituo, nikastaafu nikiwa msimamizi wa wodi. Sasa nipo Shanwe, hapahapa Mpanda, na bustani yangu ya mchicha. Siku hizi kuna chanjo na vipimo ambavyo sisi hatukuviota, na wagonjwa wa viungo wanapewa dawa zenye nguvu zaidi, kwa hiyo hatari nayo ipo vilevile. Mgonjwa wa namna hii muulize nyumbani anaishi na nani, na nini hajawahi kuugua. Mwambie asiache dawa bila kuja kwako. Halafu waambie na watu wake, wao hasa, kwa lugha wanayoielewa.

Juzi muuguzi mmoja kijana aliniuliza, "Bibi, mlikuwa mnawezaje bila dawa?"

Nikamwambia hatukuweza kila mara. Spesioza alipona. Wengine nimewafunika shuka kwa mikono hii, na walikuwa na ugonjwa uleule, na vidonge vilevile. Hawakuwa na mtu wa kuingia chumbani.