Rozari Haikatizwi

Dada yangu alizimia akiwa amepiga magoti, na chumba kizima cha Wakristo kikaendelea kusali rozari kumzunguka. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia nina hasira za bure.

Mtaani wanamwita Mama Pasi. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kila wiki hupokea kapu la vitambaa vya altare kutoka sakristia. Anavifua kwa mikono, mbali na nguo za nyumbani, anavianika ndani ili vumbi lisivifikie, halafu anavipiga pasi mpaka unaogopa kuvigusa. Hajawahi kushukuriwa mbele za watu wala hajawahi kudai. Vitambaa vilikuwa vyeupe kila Jumapili na hakuna aliyejiuliza vinakuwaje vyeupe.

Kisha ikaja damu. Mwaka mzima siku zake zilikuja zikakataa kuondoka. Aliacha kuvaa nguo za rangi nyepesi, na akiinuka kwenye cherehani ilibidi ashike ukuta kwanza, asubiri kichwa kitulie. Hospitali wakamwambia ana uvimbe kwenye kizazi, damu imepungua sana, lazima apasuliwe. Wakampa tarehe. Tarehe ikaangukia wiki ya mafungo ya akina mama, naye ndiye mpishi na mpanga viti, akaiahirisha. Wakampa nyingine, ikagongana na jubilei ya kwaya iliyotaka sare mpya. Akaahirisha tena. Kila nilipomsema alinijibu kwa upole uleule unaonipandisha presha.

"Mdogo wangu, namtolea Bwana."

"Bwana amekuomba kizazi chako?"

"Usikufuru."

Mimi ni Mkatoliki kama yeye, nimebatizwa kwa maji yaleyale. Najua maana ya kutolea mateso ambayo mtu hana namna ya kuyaepuka. Ila haya yalikuwa na dawa, na daktari alikuwa amekwishaandaa kisu. Jumuiya yetu ya kusali mtaani ilimsifu kwa uvumilivu wake, wakampigia makofi, kisha wakamwongezea kazi.

Shemeji yangu naye ni fundi bomba. Bomba la jirani likivuja huacha sahani mezani akakimbia na spana. Mke wake alivuja mwaka mzima, yeye akamshauri ale mboga za majani.

Tarehe ya tatu ilikuwa Alhamisi, na Jumapili yake askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Jumanne jioni binti wa dada akanipigia simu saluni. "Mama mdogo, mama kasema Alhamisi haendi. Kanzu za kipaimara bado hazina pindo." Nilikuwa nasuka. Nilimwambia mteja anisubiri kidogo, nikamwacha na nusu ya kichwa, nikaondoka na matusi yangu mdomoni.

Nikakuta ni zamu ya nyumba yake kupokea rozari. Jumuiya yetu ina sheria moja kubwa kuliko zote, imewekwa na mwenyekiti, mwalimu mstaafu: rozari haikatizwi. Husalimii mtu, hupokei simu, na ukichelewa unapiga magoti palepale mlangoni. Basi nikapiga magoti mlangoni, nikingoja wamalize ili nianze ugomvi.

Wote walikuwa wameelekea sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa mezani, kwa hiyo mimi niliona nyayo tupu. Za dada nazijua, zina ufa kwenye kisigino kwa sababu ya kukanyaga pedali ya cherehani bila viatu. Zilikuwa zimepauka, hazina rangi ya mtu. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele yake, na rozari yake ilikuwa sakafuni. Nyumba ni yake na kuongoza ni kazi yake, lakini sauti iliyoongoza ilikuwa ya mwalimu.

Nikamnong'oneza mama aliyekuwa karibu nami. "Dada ana nini?"

"Shh. Ameingia ndani kabisa ya sala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tendo la pili. Tumwache na Mungu wake."

Walikuwa kwenye tendo la tano, la mwisho.

Nikasimama, nikapita katikati ya migongo ya watu. Mwalimu akainua kiganja bila kugeuka. "Mama, subiri tumalize litania." Shemeji, ambaye kiwiko chake kilikuwa kinagusa kiwiko cha mke wake, alinikunjia uso kwa sababu ya fujo. Nikamgeuza dada. Midomo ilikuwa ya kijivu, jasho baridi, na mkeka chini ya magoti yake ulikuwa umelowa damu.

"Shemeji, huyu hasali," nilisema. "Huyu anakufa."

Mengine niliyosema hayaandikiki. Niliyasema mbele ya sanamu, na sijayapeleka kwenye kitubio kwa sababu sijayajutia.

Hospitali daktari aliniuliza nyumbani alikuwa na nani. Nikamwambia chumba kizima. Akaniangalia kama mtu aliyedhani hakusikia vizuri, kisha akaita watu wa damu. Walimwongezea damu usiku kucha na asubuhi wakampasua. Shemeji alikaa kwenye benchi la korido na kofia yake ya kazi magotini, akirudia neno moja: "Nilidhani anasali." Nilitaka kumzaba kibao. Nikashindwa, kwa sababu nilijua anasema kweli, na ukweli huo ulinichoma kuliko uongo wowote ambao angenipa. Mwanamke aliyeishiwa damu na mwanamke anayesali, kwao walikuwa wanafanana. Na dada mwenyewe ndiye aliyewazoeza.

Alipozinduka alimkuta paroko amesimama kando ya kitanda na mafuta matakatifu. Akasema, "Padre, nisamehe. Vitambaa vya Jumapili viko kwenye beseni."

Nikaona nitapasuka. "Padre, umesikia neno lake la kwanza?"

"Nimesikia," alisema. "Sikujua kama anaumwa."

"Hukuuliza. Mngekosa vitambaa siku moja, mngeuliza."

Dada akafumba macho kwa aibu. Paroko hakujitetea, na hilo namhesabia. Alimpaka mafuta, akasali, kisha akaniuliza beseni liko chumba gani.

Askofu alikuja Jumapili. Nusu ya kanzu zilikuwa na pindo la pini, na kwenye kitambaa cha altare kulikuwa na alama ya pasi, kahawia, ambayo hata sisi wa viti vya nyuma tuliiona. Paroko alikuwa amekipiga pasi mwenyewe. Watoto wakapokea kipaimara vilevile, na Roho Mtakatifu hakuonekana kuudhika. Mimi niliitazama ile alama Misa nzima na nikasali vizuri kuliko siku nyingi. Mteja wangu naye alikuwa viti vya mbele, amefunga kilemba, bado hanisemeshi.

Dada aliporudi nyumbani jumuiya ikaja kumwombea. Mwalimu aliniomba radhi mlangoni kwa sauti ya chini. Nikamwambia aombe ndani, kwa sauti aliyotumia kuninyamazisha. Aliomba. Bado sikumchekea.

Wakapiga magoti kuzunguka kitanda. Mama mmoja akamsogezea dada rozari, aongoze, kwani yeye ndiye anayejua litania bila kitabu. Nilikuwa nafungua mdomo, lakini dada akanitangulia.

"Leo mimi ndiye mgonjwa," alisema. "Niombeeni nyinyi."

Watu wakatazamana. Mwisho shemeji akaichukua ile rozari kwa mikono yake ya spana, akaanza. Aliruka maneno, akachanganya matendo, na kwenye kumi la tatu hakukumbuka amefika wapi. Dada hakumsahihisha. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande mmoja wa mto, macho yamefumba, vidole vimelegea.

Shemeji akanyamaza katikati ya Salamu Maria. Mwalimu akageuka kumtazama, akafungua kinywa, halafu akakifunga. Shemeji alisogea kwa magoti mpaka kwenye mto, akaweka kiganja chake karibu na pua ya mke wake na kukiacha hapo. Chumba kizima kilimsubiri.

"Mama watoto," aliita. "Unasali?"

"Nimelala," dada alisema bila kufumbua macho. "Endeleeni."

Hakuendelea mpaka alipomwona akivuta pumzi nyingine.